Aliyeshusha Mkono wa Shati

Katika vibanda umiza vya Unga Limited na Ngarenaro, hapa Arusha, kuna sheria isiyobandikwa mlangoni: steringi hafi. Atapigwa, atarushwa kutoka ghorofani, atavuja damu mpaka fulana ibadilike rangi, lakini mkanda ukiisha atakuwa amesimama, na kila aliyelipa hela yake anajua hivyo tangu mwanzo. Hakuna anayelalamika kwamba mwisho umeshajulikana. Raha ni kuona atachomokaje. Na sauti ya mtafsiri, kwa mtindo ambao Lufufu wa Dar es Salaam aliueneza nchi nzima, inamtuliza anayetaka kuinuka kwenye benchi: kaa, huyu ndiye mwenyewe.

Filamu za mazombi ziliivuruga sheria hiyo. Humo steringi anaweza kufa dakika ya ishirini, mlevi akafika mwisho, na mtoto mzuri kuliko wote akageuka akamla mama yake. Watazamaji wa vibandani, ambao si watu wa kushindwa na sinema, wakaunda elimu yao nyingine. Hawamtafuti tena atakayepona. Wanamtafuta aliyeng'atwa akanyamaza. Yupo karibu katika kila filamu ya aina hii. Kundi limekimbia, limejifungia stoo au kanisani, watu wanahema, wanahesabiana, na yeye amekaa pembeni kidogo anashusha mkono wa shati. Kamera inampitia kama haijamwona. Hapo chalii wa benchi la nyuma anapaza sauti, "Huyo keshang'atwa!" na kibanda kizima kinaanza kuwagombeza waliomo ndani ya kioo kwa upofu wao.

Ukimuuliza chalii huyo kwa nini mtu yule amenyamaza, atakujibu mara moja: mbinafsi. Ni jibu ambalo filamu zenyewe zinataka tulitoe. Mimi naona wanamwonea. Chukua *28 Days Later*, filamu ya Danny Boyle ya mwaka 2002. Mapema kabisa, Mark anatoka kwenye purukushani akiwa na jeraha mkononi. Mwenzake Selena analiona, na kabla Mark hajamaliza kujitetea, panga limeshamshukia. Tumeambiwa kwamba kirusi kinamgeuza mtu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo Selena hana makosa. Lakini jiweke kwenye nafasi ya wa tatu, aliyesimama pale akaangalia. Kesho akikuta mchubuko kwenye goti lake, asioujua ulikotoka, atasema? Akisema anakufa sasa hivi. Akinyamaza, huenda ni mwiba tu. Hesabu hiyo haihitaji ubinafsi. Hata mtu mwema angefika kwenye jibu lilelile.

Basi mantiki iliyojificha ndani ya filamu hizi naiona hapo, kwenye adhabu zaidi kuliko kwenye jino. Kundi linajiwekea sheria kali ili lijilinde: aliyeng'atwa hana nafasi. Sheria hiyo ndiyo inayowafanya walioumia wajifiche, na waliojificha ndio wanaoliangamiza kundi usiku, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. George Romero aliliona hili mwanzoni kabisa. Katika *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968, filamu ya bei rahisi ambayo hata neno zombi halitamkwi ndani yake, watu wamejifungia kwenye nyumba ya shamba wakigombana: Ben anataka wabaki juu wazibe madirisha kwa mbao, Cooper anataka washuke chini wafunge mlango. Tunampenda Ben na tunamchukia Cooper, mtu wa kelele na uoga. Huko chini amelala binti wa Cooper, ameng'atwa. Usiku unapoishia, binti amegeuka na kumuua mama yake, na Ben, shujaa wetu, anapona kwa kushuka kwenye chumba kilekile cha chini alichokibeza. Asubuhi anachungulia dirishani, na wasakaji waliokuja kuokoa watu wanampiga risasi ya kichwa wakidhani ni mmoja wa wale. Ben ni mtu mweusi, wasakaji ni wazungu, na mwaka ni 1968. Romero alisisitiza kwamba Duane Jones alipewa nafasi hiyo kwa sababu tu aliigiza vizuri kuliko wengine, lakini mtazamaji wa Marekani wa mwaka ule alijua anachokitazama.

Wakorea nao, katika *Train to Busan* ya 2016, waliuhamishia ukali huo kwenye behewa. Wachache wamepigana kutoka behewa hadi behewa mpaka wakawafikia abiria wenzao, na abiria hao wanawakatalia mlango, kisha wanawafukuza wakae mbali kwa kisingizio kwamba huenda wameambukizwa. Hakuna hata mmoja wa waliofukuzwa aliyeng'atwa. Bibi mmoja, akitazama dada yake amebaki upande wa pili akiwa amegeuka, anawaangalia wale waliofunga mlango, halafu anaufungua. Kibandani kwetu tukio hilo lilishangiliwa. Nadhani kila mtu pale alishawahi kuachwa na gari la mwisho la kwenda Ngaramtoni wakati kiti kipo.

Huku kwetu tulikuwa na mfu wetu anayetembea kabla ya kioo chochote, na yeye haumi. Msukule, kama simulizi zinavyotufundisha tangu utotoni, ni mtu aliyezikwa machoni pa watu lakini hakufa. Mchawi amemchukua, amemkata ulimi, anamlisha pumba, anamlimisha usiku. Hakuna anayeambukizwa usukule. Hakuna mantiki ya kuambukiza, kwa sababu mchawi hataki umati barabarani, anataka kibarua asiyelipwa. Huko Haiti zombi wa asili alikuwa hivyohivyo, mtumwa ambaye hata kifo hakikumwachia huru. Filamu ya kwanza kumpa jina, *White Zombie* ya mwaka 1932, inawaonyesha wakisukuma kinu cha miwa. Mmoja anadondoka ndani ya kinu, wenzake wanaendelea kusukuma.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika filamu za mazombi wa leo, aliyepona ndiye asiye na hatia, na mashaka yote yanamwangukia aliyeumwa. Kwenye masimulizi ya msukule ni kinyume chake: mashaka yanamwangukia aliyefanikiwa. Kijana anakwenda machimboni Mererani hana kitu, anarudi na gari, anajenga Njiro, na mji unaanza kuuliza kwa sauti ya chini amemtoa nani. Mama yake amefariki lini? Mdogo wake yule aliyekuwa mgonjwa yuko wapi? Maswali haya yameumiza watu wengi wasio na kosa, hasa vikongwe, na sina haja ya kuyapamba. Ila ndani yake kuna swali ambalo filamu za Marekani hazipendi kuliuliza: aliyebaki hai amebaki kwa gharama ya nani? Nalibeba swali hilo kwenda nalo kwa mbwa, kwa sababu ugonjwa unaofanana na filamu hizi kuliko wowote unatembea kwa miguu minne.

Kichaa cha mbwa kina kila kitu ambacho mwandishi wa filamu angetamani. Kinaingia kwa jino. Kinashika ubongo. Mnyama mpole anakuwa mkali, anatembea mbali asikokujua, mdomo wazi na mate yananing'inia, anauma fimbo, anauma jiwe, anauma tairi la bodaboda. Binadamu akiugua, koo linakaza mbele ya bilauri ya maji. Dalili zikishaanza, hapo hakuna tena tiba ya kutegemea, na karibu wote hufa.

Lakini filamu zinakosea sehemu moja, na ndiyo sehemu yenye maana. Mkurugenzi anapenda mgeuko wa haraka. Katika *World War Z* ya 2013, mtu aliyeng'atwa anageuka barabarani ndani ya sekunde chache, mbele ya macho ya Brad Pitt. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakina haraka hiyo. Hakipiti kwenye damu. Kinapanda kwenye neva, polepole, kutoka kwenye kidonda kuelekea ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, mara chache hata zaidi ya mwaka. Wakati wote huo aliyeumwa anakwenda shule, anachota maji, anacheza mpira, hana homa. Na wakati wote huo anaokoka, kama atasema. Maji na sabuni kwenye kidonda kwa dakika kumi na tano, bila kuona aibu kwamba ni tiba rahisi mno, kwa sababu sabuni inakiua kirusi pale pale mlangoni. Halafu chanjo, kwa siku zilizopangwa, na kwa kidonda kibaya dawa ya kinga inayochomwa palepale kwenye jeraha. Louis Pasteur aliijaribu chanjo kwa mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, na mtoto akapona. Yaani kwa ugonjwa huu, kung'atwa si hukumu. Hukumu ni kunyamaza.

Na watu wananyamaza. Panda kutoka Usa River au Tengeru kuelekea juu, kwenye migomba na kahawa, ambako nyumba zimefichana na mbwa hufunguliwa usiku walinde. Mtoto ameng'atwa kwenye shavu la mguu. Alikuwa wapi? Juu ya parachichi la jirani. Akisema, atachapwa kwanza kwa parachichi. Au aliyemuuma ni mbwa wa nyumbani mwenyewe, ambaye baba alishaonya asichezewe wakati wa kula. Anakwenda mferejini, anamwagia maji kidogo, anavuta soksi juu. Upande wa pili wa ua, mwenye mbwa naye ameona mbwa wake hali chakula na anaishangaa hewa. Akitangaza, atadaiwa gharama za kila aliyeumwa. Anampiga rungu usiku, anamzika nyuma ya zizi, na asubuhi hakuna mbwa, hakuna ushahidi, na muuguzi aliyetaka kujua kama mbwa amekaa hai siku kumi hana wa kumuuliza. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Wote wamepiga hesabu ya yule wa pembeni mwa stoo.

Kuna namba inayoupima ukimya huo. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walichapisha utafiti uliotumia taarifa za watu walioumwa na mbwa Tanzania kukadiria wangapi hufa kwa kichaa. Walifika kwenye vifo takriban 1,500 kwa mwaka, hadi mara mia ya vile vilivyoripotiwa rasmi. Siku hizi, yapo makadirio ya dunia nzima: vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi Afrika na Asia, na karibu vyote vinatokana na mbwa. Kwa kila mtu mmoja aliyeandikwa, makumi ya wengine wamezikwa kwa jina la malaria ya kichwa, mashetani, au kulogwa.

Ukimya una sababu nyingine isiyohusu viboko. Hata aliyepandisha mkono wa shati na kuonyesha jeraha anaambiwa habari ya pesa. Chanjo si dozi moja. Zahanati ya karibu huenda haina. Ni nauli ya kushuka mjini, kisha kurudi, kisha kushuka tena siku ya tatu, na tena, na kila mara mzazi mmoja amepoteza siku ya kibarua. Nimewahi kukaa benchi moja na mama aliyekuwa anapiga hesabu kichwani mwake auze mbuzi yupi. Mwanawe alishachomwa sindano ya kwanza, kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, na ndiyo maana alikuwa anajiuliza kama za mbele zina haja. Hapa ndipo lile swali la msukule linaporudi na haki zake zote. Katika filamu, anayepona ni mwenye mbio, mwenye bunduki, au mwenye bahati. Kwenye mteremko wa Mlima Meru anayepona ni mwenye mbuzi wa kuuza.

Sikutaka kuiandika korona, imeshaandikwa mpaka imechosha, lakini Arusha haiwezi kuikwepa kwa sababu ilianzia hapa. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania: abiria Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, siku moja nyuma akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto, hakuwa na homa. Akiwa hotelini akajisikia vibaya, akaenda hospitali ya mkoa, Mount Meru, sampuli ikapelekwa Dar es Salaam. Soma tena mlolongo huo. Mtu alijisikia vibaya akaenda kusema. Alifanya lile ambalo kibanda kizima humgombeza mtu wa filamu kwa kutolifanya. Na sisi tukauliza nini? Hoteli gani, teksi ya nani, kwa nini alirudi. Simu zilijaa sauti za watu waliomhukumu bila kumjua. Kila aliyesikiliza zile sauti alijifunza jambo moja kuhusu kusema.

Kilichofuata kinajulikana. Shule zilifungwa kesho yake. Mapema Mei, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilitoa majibu ya kuambukizwa, na hesabu za taifa zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Watu walijifukiza nyungu. Mwanzoni mwa 2021, matangazo ya misiba yalijaa maneno mapya, changamoto ya upumuaji, na kila mtu akayaelewa bila kueleweshwa. Nchi nzima ilikuwa imeshusha mkono wa shati. Sasa hivi ni rahisi kumlaumu mtu mmoja, naye ana sehemu yake kubwa, lakini nakumbuka jinsi sisi wengine tulivyopokea ule ukimya kwa nafuu, kwa sababu mji huu unakula kwa mgeni, na mgeni haendi kwenye nchi iliyojitangaza kuwa imeng'atwa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, na mambo yakarudi kuitwa kwa majina yake.

Namrudia Danny Boyle kidogo, kwa sababu kuna mtu mmoja kwenye filamu yake anayenisumbua. Frank, baba wa Hannah, anatazama juu na tone la damu linamdondokea jichoni. Anajua. Hanyamazi. Anamwambia bintiye kwamba anampenda, kisha anamfokea akae mbali, anamsukuma. Sekunde chache baadaye askari wanammiminia risasi. Ndiye mkweli kuliko wote na filamu haina cha kumpa isipokuwa kifo cha heshima. Hilo ndilo tatizo langu na aina hii ya sinema, ambayo naipenda: imeijenga dunia ambayo ukweli na ukimya vina malipo yaleyale, halafu inatutaka tumdharau aliyechagua ukimya.

Mbwa wa Ngorongoro na Serengeti wametupa mantiki nyingine. Katie Hampson na wenzake walifuatilia kichaa huko jino kwa jino, mbwa kwa mbwa, wakienda nyumba hadi nyumba kuuliza nani alimuuma nani, na mwaka 2009 wakachapisha walichokipata. Mbwa mgonjwa, kwa wastani, anaambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Si umati unaopanda ukuta. Wengi wanakufa bila kumwambukiza yeyote, na wachache wanauma wengi. Ugonjwa unaoendelea kuishi kwa uzi mwembamba hivyo unakatika ukichanja mbwa saba kati ya kumi katika kila kijiji. Si lazima wote. Watatu waliobaki wanapona kwa sababu ya wale saba, na hawatajua kamwe kwamba walipona, wala mtoto wa juu ya parachichi hatajua.

Kazi yenyewe haina picha ya kuuza. Siku ya chanjo, gari linasimama ofisi ya kijiji, na wanaoleta mbwa zaidi ni watoto, kamba ya katani mkononi, mbwa anaburutwa akiwa amekalia matako. Watafiti wa hapa nchini wameonyesha kwamba chanjo ya mbwa inavumilia miezi kadhaa nje ya friji, na kwamba chungu cha udongo chenye maji kinatosha kuituliza kwenye joto, kwa hiyo si lazima isubiri gari kutoka mjini. Kinachoharibu hesabu ni vitoto vya mbwa. Watu wanawaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno kwa sindano, wakati wanaweza kuchanjwa, na wao ndio wanaochezewa na kubebwa kifuani. Mbwa wetu pia hawaishi sana. Katika mwaka mmoja wengi waliochanjwa wamekufa, wengine wamezaliwa, na wale saba wamepungua. Inabidi gari, au chungu, lirudi tena mwakani, na mtu apite nyumba zilezile kuwaambia watoto watafute kamba.